Usiitupe Filamu ya Zamani

Fungua sanduku lako. Huenda mna picha ya baba au bibi iliyoanza kupauka. Huenda pia mna kipande cha filamu, cheusi, chenye matundu pembeni. Usikitupe.

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa dawa yenye madini ya fedha. Mwanga ukiingia katika kamera, dawa hiyo hubadilika. Filamu ikisafishwa, mambo huonekana kinyume. Shati jeupe huwa jeusi, na nywele nyeusi huwa kama mvi. Picha za mradi wa karanga wa Nachingwea, wa 1947 hadi 1951, zilipigwa kwa filamu. Hata za wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa hapo baadaye.

Siku hizi filamu huweza kuingizwa katika kompyuta. Chombo cha kazi hiyo ni skana. Skana husoma picha nukta kwa nukta. Picha ya karatasi yatosha isomwe kwa nukta 600 kwa inchi. Filamu ya kawaida ni ndogo, upana wake ni milimita 35. Kwa hiyo yataka nukta 2,400 au zaidi. Tena skana yake iwe na taa ya kupenya filamu kutoka upande wa pili. Skana nyingi za maduka ya kutolea nakala hazina taa hiyo. Basi filamu huwekwa mbele ya mwanga mweupe, ikapigwa picha kwa simu. Kisha kompyuta hugeuza weusi kuwa weupe. Haitakuwa safi sana, lakini sura itatambulika.

Baada ya hapo huja kurekebisha. Hapa uwe macho! Mama mmoja wa darasa letu la Ruangwa alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake. Aliipeleka dukani. Kijana akaondoa mikwaruzo, na hapo alifanya vema. Lakini akaondoa na chale za usoni, akamfanya bibi awe mweupe.

"Huyu simjui," mama akasema.

Kwa hiyo omba nakala mbili: moja kama ilivyosomwa, nyingine iliyorekebishwa. Picha yenyewe na filamu dai zirudishwe. Shika filamu pembeni, maana vidole huacha mafuta. Itie katika bahasha kavu, mbali na joto la bati.

Yule mama alirudi na picha yake ya karatasi, ikasomwa upya. Sasa imetundikwa ukutani, chale zote zipo.