Hawakuzama na Firauni

"Mwalimu, kwani hawakuzama wote baharini?"

Aliyeuliza ni mwanafunzi wa kidato cha pili, hapa Unguja, siku niliyokuwa nafundisha Misri ya kale. Nilipoangaza macho darasani nikaona wenzake wengi nao wanangoja jibu hilo hilo. Sikumlaumu. Firauni tumemjua chuoni tangu wadogo: dhalimu aliyemwandama Nabii Musa, bahari ikamfunika yeye na majeshi yake. Hata mtaani mtu akipindukia kwa ubaya tunamwita firauni. Ukija kwenye kitabu cha historia unapewa piramidi, maiti zilizokaushwa, Cleopatra, kisha wanaingia Warumi na habari inakatika. Wakulima, wavuvi, mafundi mawe na wake zao waliishia wapi, kitabu hakisemi.

Mimi jibu nililipata katika nyumba ya kupanga.

Nilisoma Cairo miaka minne, nikikaa Shubra, mtaa ambao Waislamu na Wakristo wa Kikopti wanaishi ukuta kwa ukuta. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiislamu kutoka Minya, huko Misri ya Juu, na wapangaji wote tukimwita Haja. Asubuhi moja ya Januari alinikuta ngazini nimevaa shati jepesi.

"Mwanangu, unatafuta maradhi? Tumo ndani ya Tuba!"

Nikadhani Tuba ni jina la ugonjwa. Kumbe ni mwezi. Haja alikuwa na kalenda tatu kichwani: ya Hijria kwa ibada, ya serikali kwa kodi ya nyumba, na ya tatu kwa baridi, upepo, kupanda na kuvuna. Hiyo ya tatu ndiyo ya mafirauni. Ina miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na siku chache za nyongeza mwishoni. Mwezi wa kwanza, Tut, umebeba jina la Thoth, mungu wa maandishi. Wa tatu, Hatur, ni jina la Hathor, aliyechorwa kwa sura ya ng'ombe. Wakulima wa Misri wanaosali sala tano bado wanapanda na kuvuna kwa majina hayo.

Mzee wa Makunduchi, hapa kwetu Unguja, anayehesabu miongo yake, makumi thelathini na sita ya siku na siku tano za kufungia mwaka, asingepata taabu kuzungumza na Haja. Wakopti hata siku yao ya mwaka mpya, inayoangukia Septemba, wanaiita Nairuzi, kama wazee wetu.

Basi kilichokufa ni nini? Kwanza ulikufa ufalme. Nectanebo wa Pili, Mmisri wa mwisho kuitawala nchi nzima kama firauni, alishindwa na Waajemi karibu mwaka 343 kabla ya Kristo. Akaja Alexander mwaka 332, ukafuata ukoo wa Ptolemy, na mwaka 30 wakaingia Warumi. Kwa mkulima, aliyebadilika ni mtoza kodi.

Maandishi yalikufa polepole zaidi, na kifo chake kina tarehe. Nilikwenda kuiona. Unapanda mashua Aswan hadi kisiwa cha Agilkia, ambako mahekalu ya Philae yalihamishiwa jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970 ili yaokolewe na maji ya mabwawa. Katika lango la mfalme Hadrian imechongwa sura ya Mandulis, mungu wa Wanubi, na karibu yake mistari michache ya hieroglifu. Mchongaji alikuwa kuhani, Esmet-Akhom. Aliandika jina lake na la baba yake, na akaweka tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni 24 Agosti 394. Hieroglifu zilizoandikwa baada ya siku hiyo hazijapatikana popote. Nilisimama pale mpaka nahodha akaja kuniita. Maandishi yaliyodumu zaidi ya miaka elfu tatu, na mtu wa mwisho kuyaandika tunamjua mpaka jina la baba yake!

Na tarehe yenyewe ina habari. Kuhani huyo wa Isis, mungu wa kike, ameiita mwaka wa 110, akihesabu tangu Diocletian aliposhika utawala wa Roma mwaka 284. Wakopti wanahesabu kutoka mwaka huo huo hadi leo, wakiiita Miaka ya Mashahidi, kwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa na Diocletian.

Lugha haikufa na Esmet-Akhom. Hieroglifu zilikuwa mali ya mahekalu, na mahekalu yalikwisha kuishiwa: Warumi waliyabana ardhi na mapato yao, watu wengi wakaingia Ukristo, na mwishoni mwa karne ya 4 mfalme Theodosius akapiga marufuku ibada za kale. Lakini nyumbani na sokoni watu walisema Kimisri kile kile, na waliokwenda kanisani walikwisha kuanza kukiandika kwa herufi za Kigiriki, wakiongeza sita au saba za kwao. Hicho ndicho Kikopti. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Kiswahili tulikiandika kwa herufi za Kiarabu, tukahamia za Kirumi, na bibi zetu hawakuacha kutuelewa.

Waarabu waliiteka Misri kati ya 639 na 642, chini ya Amr ibn al-As. Mwaka 706 Kiarabu kikawa lugha ya ofisi za serikali. Watu hawakugeuka kwa siku moja, wala kwa karne moja. Familia hii ilisilimu, ile ikabaki kanisani, na zote mbili zikaanza kusema Kiarabu. Katika karne ya 12 Patriaki Gabriel wa Pili aliruhusu Kiarabu kitumike katika ibada, maana waumini wengi hawakuelewa tena Kikopti.

Jirani yangu Mkopti pale Shubra, muuza madaftari, alinikaribisha siku moja nisimame nyuma ya kanisa lao nisikilize. Kasisi alifungua kwa jina la Baba, na katika maneno yake nikalisikia moja nililokuwa nimelisoma chuo kikuu: *ran*, yaani jina. Neno hilo lilichongwa katika kuta za ndani za piramidi za Saqqara, zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Champollion, Mfaransa aliyezifumbua hieroglifu mwaka 1822, alifika huko kwa kuwa alikuwa amejifunza Kikopti.

Kule Luxor niliona jambo jingine. Msikiti wa Abu Haggag umo ndani ya hekalu la mafirauni, na mmoja wa milango yake ya zamani uko juu ukutani, mtu haufikii bila ngazi ndefu. Msikiti ulipojengwa, kifusi cha karne nyingi kilikuwa kimelijaza hekalu, na hapo mlangoni palikuwa usawa wa ardhi. Baadaye wachimbaji wakakiondoa. Kila mwaka kwenye maulidi ya Abu Haggag watu huzungusha mashua mitaani. Mafirauni nao, katika sikukuu yao kubwa, walizibeba mashua za mungu Amun kutoka hekalu la Karnak hadi hapo hapo.

Wasomi nao wamebishana sana juu ya asili ya Wamisri hao. Mwaka 1974 UNESCO iliwakutanisha wataalamu Cairo, na Cheikh Anta Diop wa Senegal akatetea kwa nguvu kwamba Wamisri wa kale walikuwa Waafrika weusi. Namheshimu sana kwa hilo. Alituwekea Misri ndani ya Afrika wakati wengine walikuwa wameing'oa. Lakini tumebishana mno walitoka wapi, tukasahau kuuliza walikwenda wapi. Nasi tunawapita njiani Cairo, na wameshapindukia milioni mia moja.

Nilipomaliza kuyaeleza haya darasani, yule mwanafunzi akanyoosha mkono tena. "Na yule bibi, mwalimu, mwenyewe anajua?"

Nilipata kumuuliza Haja majina ya miezi yake aliyapata wapi. Alikuwa anachambua majani ya mlukhia, hata hakuinua macho.

"Kwa bibi yangu, mwanangu. Wapi pengine?"

Kisha akanituma nikafunge madirisha ya juu. Mwezi wa Amshir ulikuwa umeingia, na upepo wake ulishaanza kutimua vumbi.