Pikipiki ya Marehemu Baba: Plagi Ilisingiziwa, Mwizi Alikuwa Mwingine

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilichokuwa kikinila nilikuwa nimekikalia, na kwa mwaka mzima sikukijua.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia pikipiki ya BSA, aina ya B31, ya mwaka wa 1956. Wasomaji wa rika langu watazikumbuka. Zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka wa 1945 hadi 1959, na kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1861 kwa kazi ya kuunda bunduki. Injini ni ya silinda moja, sisi 348. Baba aliipitisha juu ya daraja la kuelea la Nyali, kabla ya daraja jipya la mwaka wa 1980, na huko Kilifi aliivusha kwa feri, kwani daraja la huko lilifunguliwa mwaka wa 1991.

Sasa mirathi, msomaji wangu, ni mali ya warithi wote. Ndugu zangu walinipa ruhusa niitumie kwa sharti niitunze. Haukupita muda ikaanza kutoa moshi mweusi. Plagi ikawa inashika masizi kila baada ya siku chache. Ijumaa moja ilinizimikia mbele ya msikiti, watu ndio wanatoka, nami napiga kiki hata kanzu ikalowa jasho. Petroli nayo ilikunywa bila huruma. Katika daftari la baba imeandikwa galani moja kwa maili 75, yaani kama kilomita 26 kwa lita. Mimi lita moja haikunivusha kilomita 14.

Kaka yangu mkubwa akaniambia, "Ndugu yangu, hii si pikipiki tena, ni mfereji. Tuiuze, kila mtu apate haki yake. Hii ni israfu." Mnunuzi alikwisha patikana. Sikuwa na jibu, nikaomba mwezi mmoja tu.

Kosa langu lilikuwa kubadilisha plagi. Gereji niliyoizoea iliniuzia plagi tisa mwaka ule. Ikiwa mpya inakwenda, baada ya wiki yale yale. Ndipo nikamwendea fundi mmoja mzee wa Majengo. Aliitazama plagi, akacheka. "Mwanangu, plagi ni ulimi wa mgonjwa. Daktari hutazama ulimi, haukati."

Akanisomesha. Plagi yenye rangi ya kahawia, injini ni nzima. Yenye masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Iliyolowa oili, ringi za pistoni au bushi za vali zimelika. Nyeupe iliyoungua, petroli ni chache na injini inachemka, nayo hiyo ni hatari zaidi. Akanionya pia kwamba petroli ya siku hizi haina risasi tangu mwaka wa 2006, kwa hiyo rangi haisomeki wazi kama zamani. Dawa ni kutia plagi safi, kwenda mwendo wa kawaida maili chache, kisha kukamata klachi na kuzima injini papo hapo, ndipo uifungue utazame. Ukiiacha ingurume hadi nyumbani, itakudanganya.

Yangu ilikuwa masizi makavu. Basi tukaanza na yaliyo rahisi. Chujio cha hewa tulikikuta safi. Waya wa choki unavuta vizuri na kile kizibo cha hewa kinapanda chote. Boya la kabureta halikutoboka, wala petroli haikudondoka. Plagi tuliitega nafasi ya nusu milimita, na pointi za magneto inchi 0.012, na cheche ikatoka ya buluu. Tukazungusha magurudumu tuone kama breki zinashika, maana breki inayokwaruza nayo hula petroli. Hazikushika.

Hapo nikashauri tutie plagi ya moto zaidi, isiyoshika masizi upesi. Mzee akakataa. "Hiyo ni kumfunga mgonjwa mdomo asilalamike."

Akaifungua kabureta, Amal, akatoa jeti ndogo ya shaba ambayo ndani yake sindano hupanda na kushuka kila unapovuta akseli. Kwa macho yangu haikuwa na kosa. Lakini miaka yote ile sindano ilikuwa ikiisugua, tundu likapanuka, na petroli ikapita pembeni. Ubaya wake huonekana zaidi akseli inapokuwa kati ya robo na robo tatu, na huo ndio mwendo wetu sote wa mjini. Ukipunguza sindano kwa kuishusha pingili moja, inapona kidogo tu. Ndivyo ilivyokuwa.

Spea za Amal zingali zinatengenezwa Uingereza. Nikaagiza jeti pamoja na sindano yake, na bei yote haikufika ya plagi zile tisa. Tukaifunga, sindano tukaiweka pingili ya katikati. Nikajaza tangi hadi mdomoni, nikaenda Kilifi na kurudi, kama kilomita 120, nikajaza tena. Ziliingia lita tano kasoro kidogo.

Jioni nilikwenda kwa kaka nikamtia plagi mkononi. Ilikuwa ya kahawia. Aliigeuza-geuza, akauliza, "Na zile tisa?" Nikamwambia ukweli, kwamba israfu ilikuwa yangu, si ya pikipiki.

Tukakaa na ndugu zetu, tukaipanga bei ya haki, na sasa nawalipa mafungu yao kidogo kidogo. Mnunuzi tulimwomba radhi.

Nawe msomaji, kabla hujauza chombo cha wazee wako, kiulize kwanza kinaumwa nini.