Je, Wajua? Utumboni kuna mla oksaleti

Jikoni Kendu Bay, mchicha, au ododo, huchemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha ukatiwa maziwa. Ladha kando, mpishi anapunguza oksaleti, kemikali iliyojaa kwenye mchicha ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Inayoingia kwenye damu hutolewa na figo, na huko ikikutana na kalsiamu huganda. Vijiwe vingi vya figo ni vya mchanganyiko huo.

Ila baadhi yetu tuna msaidizi utumboni: bakteria Oxalobacter formigenes. Oksaleti ndiyo riziki yake. Huivuta ndani, akaivunja kuwa fomati na kabonidioksidi, kisha fomati akaitoa nje. Watafiti Wamarekani walimtenga kutoka tumbo la kondoo mwaka 1980, na jina akapewa 1985.

Ni kiumbe dhaifu. Oksijeni haimfai, na antibiotiki kadhaa humfyeka, kwa hiyo dozi ya kikohozi yaweza kumfukuza kwa muda mrefu. Majaribio ya kumpa wagonjwa kama probiotiki yametoa matokeo ya kuyumbayumba. Baadhi ya laktobasili, jamaa wa wale wa maziwa ya mgando, nao huvunja oksaleti, lakini si kwa ari yake.

Kwa sasa naiamini zaidi sahani: yale maziwa, pamoja na omena anayeliwa na mifupa yake, huleta kalsiamu inayoinasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye damu, ikaishia chooni.