CHOMBO, FARUMI NA MAARIFA: UFUNDI WA MELI ZA MAFUTA NA GESI BAHARINI

Katika mijadala juu ya mafuta na gesi, mara nyingi tunazungumzia mikataba, kodi na migawo ya mapato. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo jingine ambalo tusipolielewa hatuwezi kuipima hata hiyo mikataba yenyewe: nalo ni chombo kinachofanya kazi. Anayejua jinsi chombo kilivyojengwa na kinavyoendeshwa ndiye mwenye kauli; asiyejua husikiliza na kutia sahihi. Makala hii inakusudia kueleza ufundi huo, na kuonyesha kwa nini hautakiwi kuachiwa watu wachache.

1. Tatizo la kusimama mahali pamoja

Mtambo wa nchi kavu huchimba ukiwa umesimama juu ya ardhi. Baharini, penye kina kifupi, mtambo huweza kusimama juu ya miguu ya chuma inayofika sakafuni. Kina kikizidi mno, miguu hiyo haijengeki. Hapo hapana budi chombo kielee. Na chombo kinachoelea hakitulii. Upepo, mawimbi na mkondo hukisukuma. Hupanda na kushuka, huyumba ubavu kwa ubavu, hugeuza omo yake. Na huku nyuma, kutoka tumboni mwake limeteremshwa bomba refu mpaka kwenye kisima. Chombo kikisogea mbali mno kabla bomba halijafunguliwa, bomba litavunjika, na kisima kinaweza kuharibika.

Tatizo hili limejibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nanga, zinazotandazwa pande zote ili chombo kishikwe kati. Njia hii ni nzuri, lakini kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo minyororo inavyokuwa mirefu na mizito. Njia ya pili ni rafadha. Mwaka 1961 meli CUSS I ilichimba karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, penye maji ya kina cha zaidi ya mita 3,500. Haikutia nanga, ilishikiliwa na rafadha nne zilizoongozwa kwa mkono. Mwaka huohuo meli Eureka ya kampuni ya Shell ilifanya kazi hiyo kwa mtambo uliojiongoza wenyewe.

Meli za sasa hufuata msingi huohuo. Setilaiti, dira, vipima upepo na vyombo vya mawimbi ya sauti vilivyowekwa sakafuni mwa bahari huieleza kompyuta mahali meli ilipo. Kompyuta hupima tofauti kati ya mahali ilipo na mahali inapotakiwa kuwa, kisha huiamuru kila rafadha isukume kwa nguvu gani na kuelekea wapi.

Je, mtambo mmoja ukiharibika? Swali hilo ndilo lililozaa madaraja ya meli hizi yanayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Bahari. Meli ya daraja la pili haitakiwi kupoteza mahali pake kwa sababu ya hitilafu ya mtambo mmoja. Ya daraja la tatu haitakiwi kupoteza mahali pake hata chumba chake kimoja kikiungua au kikijaa maji. Funzo ni kwamba usalama hautokani na ubora wa mashine moja. Unatokana na mpango wa kazi yote, unaouliza mapema: hiki kikishindwa, kipi kitashika nafasi yake?

2. Meli iliyo kiwanda

Meli ya kuchimba huondoka kazi yake ikiisha. Liko kundi jingine linalobaki miaka mingi: meli zinazopokea mafuta kutoka visimani, kuyasafisha maji na gesi, kuyahifadhi na kuyapakia katika meli nyingine. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1977 katika kisima cha Castellón, pwani ya Hispania. Nyingi za namna hii hufungwa kwenye mhimili mkubwa ulioshikwa na nanga, meli ikazunguka mhimili huo ili kuuelekezea upepo na mawimbi omo yake.

Hatua iliyofuata ni kiwanda cha gesi kinachoelea. Gesi ikipoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua karibu mara 600. Ndipo huweza kusafirishwa melini. Jirani zetu wa Msumbiji wanacho kiwanda cha namna hiyo, Coral Sul, katika maji ya kina cha mita 2,000 hivi mbele ya pwani ya Cabo Delgado. Kina urefu wa mita 432. Kilijengwa Korea Kusini, kikawasili Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba mwaka huo.

Hapa tutafakari pande zote mbili. Mashambulizi ya Palma ya Machi 2021 yalisimamisha mradi mkubwa wa gesi wa nchi kavu. Cha baharini kiliendelea. Hiyo ni faida. Lakini maana yake pia ni kwamba gesi inaweza kutoka sakafuni, ikapoozwa, ikapakiwa na kwenda zake bila kugusa ardhi ya nchi yenye gesi. Linganisheni na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ambayo tangu 2004 huja Dar es Salaam kwa bomba na kuendesha mitambo ya umeme. Ufundi unaochaguliwa huamua kazi zitafanyika wapi, na nani atajifunza nini. Kwa hiyo kuchagua chombo ni uamuzi wa siasa, wala si wa mafundi peke yao.

3. Ajali mbili na mafunzo yake

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, chombo Alexander L. Kielland kilichokuwa makazi ya wafanyakazi kilipinduka. Watu 123 kati ya 212 walikufa. Chanzo kilikuwa ufa katika sehemu iliyolehemewa, penye kishikizo kidogo cha chombo cha kusikiliza sauti. Ndani ya ufa ilikutwa rangi, dalili kwamba ulikuwapo tangu chombo kikijengwa. Ufa ulikua, nguzo moja ikakatika, nyingine zikazidiwa na mzigo, na mguu mzima ukang'oka.

Tarehe 15 Februari 1982, karibu na Newfoundland, Kanada, Ocean Ranger kilizama na watu wote 84. Wimbi lilivunja dirisha la chumba cha kuongozea farumi, yaani maji yanayosawazisha chombo. Maji ya chumvi yaliharibu swichi. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa wafanyakazi hawakufundishwa vya kutosha namna ya kuirekebisha farumi katika hali hiyo. Juhudi zao zikazidisha kuinama kwa chombo.

Katika ajali ya kwanza kazi ndogo haikukaguliwa. Katika ya pili wafanyakazi walipewa mashine bila kupewa maarifa yake. Anayelala ndani ya chombo ana haki ya kujua kinavyofanya kazi, na ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari.

4. Maarifa hujengwa

Wako wanaosema kwamba ufundi huu ni wa mataifa tajiri tu. Brazili iliunda shirika lake la mafuta, Petrobras, mwaka 1953. Ilipokuta mafuta katika maji marefu, ilianzisha mwaka 1986 mpango maalumu wa utafiti, ikishirikiana na vyuo vikuu vyake. Lakini hata Petrobras ilipoteza chombo P-36 mwaka 2001, na watu 11 wakafa. Maarifa bila nidhamu ya kazi hayatoshi.

Tangu 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika kina kirefu mbele ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Kabla ya chombo chochote kufungwa huko, maswali yaulizwe. Nani watalehemu, na nani watakagua? Vijana wangapi watafunzwa kuongoza farumi na rafadha, kwa muda gani, na kwa cheti cha nani? Michoro ya chombo itawekwa wapi? Kiongozi asiyeweza kuuliza maswali haya hawezi kuwatetea wananchi mezani. Na mwanafunzi wa leo wa hesabu, fizikia na ufundi chuma ndiye atakayetakiwa kuyajibu kesho.