Fahamu: Kasongo wa Super Mazembe ni nani?

Mtu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, akisikia "Kasongo" hufikiria mji wenye jina hilo. Lakini Kasongo anayeimbwa katika wimbo wa bendi ya Super Mazembe ni mume aliyeondoka. Mkewe anamsihi arudi nyumbani.

Bendi hiyo ilitoka Kongo, ikahamia Nairobi mwaka 1974. Wimbo huo, ulioimbwa kwa Kilingala, ulitikisa Afrika Mashariki miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Virgin ilitoa albamu yao Kaivaska huko Uingereza. Mwaka 2001 nyimbo zao zikakusanywa katika Giants of East Africa.

Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya walimbandika Rais William Ruto jina la Kasongo, na wimbo ukavuma upya mitandaoni.

Magitaa ya wimbo huo hayajachuja hata kidogo.