Kitabu cha tiba: faida ina masharti Kasulu na Kibondo

Wenye maduka ya stesheneri Kasulu na Kibondo wanaofikiria kutoa nakala za "Mahali Pasipo na Daktari" na kuziuza kwa faida wanashauriwa kusoma masharti kabla ya kununua karatasi.

Kitabu hicho cha michoro ni mali ya taasisi ya Hesperian ya California, Marekani. David Werner alikiandika kwa ajili ya wanakijiji wa milima ya magharibi mwa Meksiko. Kilitoka kwa Kihispania mwaka 1973, kwa Kiingereza 1977, na kimeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80. Tafsiri ya Kiswahili ilitolewa na Klabu ya Rotary ya Dar es Salaam.

Masharti yake ni nadra katika biashara ya vitabu. Maandishi na michoro hunakiliwa bila kulipa mrabaha, ili mradi nakala zitolewe bure au kwa bei ya gharama. Anayetaka faida aombe kibali kwanza. Anayetaka kutafsiri, tuseme kwa Kiha, anaombwa kuwasiliana na Hesperian kabla ya kuanza, asije akarudia kazi ya mwingine, na pia apewe marekebisho mapya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu tafsiri, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Kuuza kwa mlango wa nyuma ni kujitafutia kesi.

Fedha huliwa na michoro. Ni ya mistari myeusi, hivyo wino mmoja unatosha na uchapaji ni nafuu. Lakini maneno yaliyo ndani ya michoro lazima yafutwe na kuandikwa upya moja moja, na mchoro ukiruka ukurasa, kidonge kitakaa chini ya maelezo ya ugonjwa mwingine. Tabibu asome prufu kabla mashine haijawashwa. Wapo watakaoona hiyo ni gharama ya kukwepa. Si ya kukwepa.

Hatari kubwa zaidi kwa mwenye mtaji mdogo ni dawa kubadilika. Toleo la Kiingereza la 1977 lilitaja klorokwini kwa malaria. Tanzania iliiondoa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaweka SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Kwa kijiji kilicho mbali na zahanati, nakala ya zamani ni ya hatari kuliko kukosa kitabu. Kwa mfanyabiashara, huo ni mzigo uliokufa.

Mzigo kutoka Dar es Salaam husafiri kilomita zipatazo 1,250 kwa reli hadi Kigoma, kisha hupandishwa kwa lori. Njia salama ni kupata shirika au dayosisi ya kulipia uchapaji, naye mfanyabiashara alipwe kwa kazi ya kuchapa au kusafirisha. Oda iwe ndogo, na mwaka wa toleo uchapwe kwenye jalada. Anayenunua kwa jumla afungue kwanza ukurasa wa malaria. Akikuta klorokwini ndiyo dawa ya kwanza, asilipe.