Fahamu: Wamethodisti wa Uingereza walivyopanga upya mafunzo ya wachungaji
Mwaka 2012 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Methodisti la Uingereza, uliofanyika Plymouth, uliidhinisha mpango wa kuweka elimu ya wachungaji na ya waumini chini ya mtandao mmoja. Kabla ya hapo vituo vilitapakaa Cambridge, Durham, Manchester na kwingineko, huku waumini wakipungua na majengo yakiendelea kudai fedha.

Vilibakizwa viwili: Cliff College huko Derbyshire na Queen's Foundation mjini Birmingham, ambako tangu 1970 Wamethodisti na Waanglikana huandaliwa pamoja kwa uchungaji. Mikoani ziliundwa timu za wakufunzi ili kuwafuata watu waliko, wakiwamo wahubiri walei, ambao ndio huongoza sehemu kubwa ya ibada za Jumapili. Hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote katika mpango huo.

Hata hivyo hasara haikuwa ndogo: chuo kikifungwa, walimu hutawanyika na kanda nzima hupoteza kitovu chake cha usomi. Wesley House ya Cambridge, iliyoanzishwa 1921, ilinusurika. Iliuza sehemu ya eneo lake kwa Jesus College, ikajenga upya, na sasa hupokea wasomi wa Kimethodisti kutoka mataifa mbalimbali.